Siku Mtafiti Anapobadili Mdhamini

Viza ya J-1 humfunga mgeni kwa mdhamini wake. Mtafiti Mtanzania aliye katika maabara ya chuo kikuu cha Marekani yuko pale kwa jina la chuo hicho: ndicho kilichomtolea fomu ya DS-2019, ndicho kinachofuatilia bima yake ya afya, na ndicho kinachopeleka taarifa zake serikalini. Akipata nafasi nzuri chuo kingine hawezi kufungasha mabegi Jumamosi na kuripoti kazini Jumatatu. Udhamini lazima uhame kwanza, mwenyewe afuate.

Viza hii ilitokana na sheria ya mwaka 1961 inayojulikana kwa majina ya wanasiasa Fulbright na Hays. Kumbukumbu za wageni wa aina hii zimo katika mfumo wa kompyuta wa SEVIS, ulioanza kutumika mwaka 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kila chuo chenye kibali cha kudhamini kina ofisa mwajibikaji. Huyu si profesa wala mkuu wa idara, na watafiti wengi humkumbuka siku ya kuhitaji saini tu. Hata hivyo, kumbukumbu ya SEVIS iko mikononi mwake, si mikononi mwa profesa.

Ofisa huyo huanza na shughuli. Mtafiti anakwenda kufanya nini huko? Kanuni zinataka mgeni abaki katika kundi lilelile, mtafiti abaki mtafiti, na kazi mpya itimize lengo lilelile lililomleta. Mfano ni mzaliwa wa Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, aliyesomea maji katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, kisha akaenda Marekani kutafiti namna ya kuondoa floraidi. Hakuna asiyejua shida hiyo kuzunguka Mlima Meru: maji yenye floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, yamewatia watoto wengi madoa ya kahawia menoni. Mtafiti huyo akihamia maabara nyingine ya kuchuja maji, ofisa hana neno. Akiitwa kwenye maabara ya vinasaba vya mpunga, maelezo lazima yatolewe, na huenda yasitoshe.

Hoja ikikubaliwa, huja jambo ambalo ndilo kiini cha uhamisho wote: tarehe ya kuachiliwa.

Ni siku moja, inayokubaliwa na vyuo vyote viwili na kuingizwa kwenye mfumo na chuo kinachoachia. Kabla ya siku hiyo mtafiti ni wa chuo cha zamani kabisa. Huko ndiko anakolipwa, huko ndiko taarifa zake zinakosahihishwa, na akibadili mawazo ofisa wa huko anaweza kuufuta uhamisho. Chuo kipya kinasubiri. Tarehe ikifika, mambo hugeuka kwa mkupuo: ofisa wa zamani hawezi tena kuigusa kumbukumbu, na ofisa mpya ndipo anapoweza kutoa DS-2019 yenye jina la chuo chake. Mke, mume na watoto waliokuja kwa viza ya J-2 huhama pamoja naye. Namba ya SEVIS haibadiliki. Inafanana na uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi kutoka Terrat kwenda Tengeru, ambapo mwalimu mkuu wa shule anayotoka na wa shule anayokwenda lazima wote wakubali. Tofauti ni kwamba mwanafunzi akichelewa wiki mbili nyumbani hakuna anayeulizia uhalali wake wa kuwa nchini.

Ndiyo maana maofisa huichagua tarehe hiyo kwa uangalifu mkubwa. Ikiwekwa mapema mno, mtafiti anakosa ruhusa ya kumalizia jaribio alilolianza. Ikiwekwa baada ya muda wa programu kwisha, uhamisho haupo tena, maana zile siku 30 za mwisho anazopewa mgeni ni za kufunga mizigo na kuondoka tu. Safari ya nyumbani katikati ya zoezi hili ni hatari: harusi ya ndugu Arusha inaweza kumkuta mtu ana fomu ya zamani iliyokufa na mpya ambayo haijatolewa. Akishahama, chuo kipya kina siku 30 za kuthibitisha kwenye mfumo kwamba amefika. Bima nayo haitakiwi kukatika hata siku moja, na sehemu yake mojawapo huwagusa sana walioacha wazee nyumbani: angalau dola 25,000 za kusafirisha maiti.

Uhamisho hauongezi miaka. Mtafiti ana miaka mitano kwa jumla, na miwili aliyoitumia chuo cha kwanza inamfuata cha pili. Akimaliza programu yake, lazima ipite miezi 24 kabla ya kuanza tena kama mtafiti au profesa wa J-1. Sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, linalowabana waliolipiwa na serikali, nalo halifutwi kwa kubadili chuo. Anayeomba kusamehewa sharti hilo akapata pendekezo la kukubaliwa hawezi tena kuhamishwa wala kuongezewa muda. Wengine hulijua hilo wakati barua imeshatoka.

Tangu Januari 1, 2026 zoezi hili limepata uzito mwingine kwa Watanzania. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kati ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza kadhaa, J ikiwemo. Aliye ndani hakuguswa, na kuhama chuo hakuhitaji viza mpya maadamu hatoki. Akitoka huku muhuri wake wa viza umekwisha, njia ya kurudi kupitia ubalozi wa Dar es Salaam imezibwa.

Kwa hiyo ofisa wa chuo cha zamani ana uzito ambao hakuuomba. Kanuni zinasema anaweza kuruhusu uhamisho, hazimlazimishi. Ruzuku ya maabara ikikatwa ghafla, mtafiti hana mshahara, na chuo kipya bado kinajadili mkataba, ni siku ngapi ofisa huyo amwachie kumbukumbu ikiwa hai? Na chuo kipya kikisita, nani wa kumjibu mama aliyeko Terrat anayepiga simu kuuliza mwanawe anarudi lini?