Mgeni wa Kibuyuni na asome mwezi kabla ya kufunga mizigo

WAGENI wengi wanaozuru pwani ya kusini hukomea Diani. Wachache wanaoendelea na barabara ya Lunga Lunga, kisha wakapinda kushoto kuelekea Shimoni, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Mombasa, hulakiwa na rasi tulivu inayotazamana na kisiwa cha Wasini. Hapo jirani ndipo kilipo kijiji cha Kibuyuni, mahali pazuri pa kutembea, kuogelea na kupiga kambi.

Hata hivyo, uzuri huo una ratiba yake, nayo hupangwa na mwezi.

Mvuto wa mwezi na jua ndio unaoifanya bahari ipwe na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili huungana na kuleta bamvua. Baina ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Siku za bamvua katika pwani ya Kenya, maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi alasiri, na tofauti yaweza kupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50.

Kwa hivyo, asubuhi ya bamvua ni ya kutembea mwambani na alasiri ni ya kuogelea. Atembeaye avae viatu vya raba na ageuke kurudi mara maji yanapoanza kupanda, kwani bahari hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake.

Asubuhi hiyo pia ni saa ya kazi. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni, wengi wao wanawake, hushuka kwenye mashamba yao ya kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Mgeni anayezikanyaga kamba hizo huharibu karo ya mtoto wa mtu. Apite kando, au aombe kuongozwa na wenyeji.

Anayetaka kuona matumbawe na pomboo apande mashua Shimoni hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kiingilio hulipwa, na matumbawe hayaguswi.

Ama kambi, ipigwe kwa idhini ya wazee wa kijiji, juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji. Bamvua inayojaa alasiri hujaa tena alfajiri, mgeni akiwa usingizini. Kadhalika, msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio ufaao zaidi. Kusi inapovuma, bahari huchafuka na mvua za masika huharibu safari.