Watakatifu wa Kazini (2): Floribert na shehena ya mchele mbovu

Makala iliyopita ilieleza jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulivyofundisha kwamba kila mbatizwa ameitwa kuwa mtakatifu, awe padre, mtawa au mlei. Kuyakariri mafundisho hayo ni rahisi. Kuyaishi penye muhuri na bahasha ni jambo jingine.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1981. Alikuwa mlei, mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, na muda wake wa ziada aliwapa watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Aliyewahi kupitisha mzigo mpakani anajua kiti cha namna hiyo kinavyonenepesha watu.

Ukaja mchele ulioharibika. Wenye mali wakamtolea fedha ili aupitishe. Shinikizo likafuata, hata kutoka kwa wenye mamlaka. Akakataa, na chakula kile kikateketezwa. Mtawa mmoja rafiki yake alimsikia akieleza sababu: fedha zingekwisha upesi, na je, watakaokula mchele huo? Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Hapa wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: anaitwaje shahidi wa imani mtu ambaye hakuambiwa amkane Kristo? Kanisa hutazama chanzo cha msimamo wake. Ikiwa mtu amekataa uovu kwa sababu ya Injili, basi anayemuua kwa msimamo huo anaipiga imani yenyewe, hata kama muuaji naye amebatizwa. Kwa hoja ya aina hiyo Rosario Livatino, hakimu wa Sicilia aliyeuawa na wahalifu wa Mafia mwaka 1990, alitangazwa Mwenyeheri Mei 2021.

Papa Francisko alipozungumza na vijana Kinshasa, Februari 2023, aliwatajia Floribert kama mfano wa kukataa rushwa. Novemba 2024 akaidhinisha ushahidi wake, na tarehe 15 Juni 2025 ibada ya kumtangaza Mwenyeheri ikafanyika Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Msomaji asichanganye ngazi hizi. Mwenyeheri bado hajatangazwa Mtakatifu. Shahidi hahitaji muujiza ili awe Mwenyeheri. Muujiza hudaiwa, kwa kawaida, katika hatua inayofuata.

Wiki ijayo tutatoka ofisini tuingie nyumbani, kwa Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Roma, wanandoa wa kwanza kutangazwa Wenyeheri kwa pamoja, Oktoba 2001.