Chuo cha madaktari wa jeshi kilichovua sare mjini Guangzhou

Barabara ya Yide, au Yide Lu kama wenyeji wanavyoiita, ni barabara ya wachuuzi. Iko katika sehemu kongwe ya mji wa Guangzhou, kusini mwa China, karibu na ukingo wa Mto Zhujiang. Humo yamepangana maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea watoto na vifaa vya ofisini, na magunia ya kamba, ngisi na majongoo bahari waliokaushwa, wale majongoo ambao wavuvi wa Unguja na Pemba huwauza ingawa wenyewe hawawali. Juu ya mapaa hayo yanachomoza minara miwili ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa na Wafaransa kwa mawe kati ya mwaka 1863 na 1888. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyekwenda Guangzhou kununua bidhaa huenda amepita hapo mara nyingi.

Pengine hakutambua kwamba upande wa mtoni, jirani na maduka hayo, ipo hospitali ambayo historia yake ni ndefu kuliko ya kanisa lenyewe. Ilianzishwa mwaka 1835 na daktari Mmarekani, Peter Parker, ikiwa hospitali ya macho. Mwaka 1866 Mmarekani mwingine, John Kerr, alifungua humo shule ya udaktari wa kimagharibi, ya kwanza nchini China, na mwaka 1886 kijana mmoja aitwaye Sun Yat-sen aliingia kusoma. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa muda wa Jamhuri ya China mwaka 1912, na leo hospitali hiyo inaitwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Sun Yat-sen.

Mwishoni mwa mwezi Januari mwaka 2003 hospitali hiyo ilimpokea mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa na homa kali na kifua kilichobana. Wakati huo ugonjwa wake haukuwa na jina. Katika siku chache madaktari na wauguzi kadhaa waliomhudumia wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Profesa Liu Jianlun, aliyekuwa akitibu wagonjwa hospitalini hapo, alisafiri kwenda Hong Kong tarehe 21 Februari kuhudhuria harusi, akalala katika hoteli ya Metropole, na wageni wa hoteli hiyo wakaondoka na virusi hadi Vietnam, Singapore na Kanada. Profesa Liu alifariki dunia tarehe 4 Machi. Ugonjwa huo ulipewa jina la SARS, na hadi ulipozimwa katikati ya mwaka huo ulikuwa umewapata watu 8,096 na kuwaua 774.

SARS iliibua swali ambalo nchi nyingi huliahirisha hadi maafa yanapobisha hodi. Je, madaktari wa jeshi wako chini ya amri ya nani, na kazi yao hasa ni kumtibu nani?

Kwa mji wa Guangzhou swali hilo halikuwa la vitabuni. Kaskazini mwa mji huo, chini ya Mlima Baiyun, kilikuwapo Chuo Kikuu cha Kwanza cha Tiba cha Jeshi la Ukombozi wa Umma la China. Kilianzishwa mwaka 1951 na mwaka 1979 kikatajwa miongoni mwa vyuo vikuu muhimu vya taifa. Kilikuwa na ndugu zake watatu wenye majina ya namba: cha Pili mjini Shanghai, cha Tatu mjini Chongqing na cha Nne mjini Xi'an. Cha Guangzhou kilikuwa na hospitali kubwa mbili, Nanfang na Zhujiang, na wananchi wa kawaida walitibiwa humo sambamba na askari, kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyokwenda kutibiwa katika hospitali ya jeshi ya Lugalo.

Uongozi wa chuo cha namna hiyo haufanani na wa chuo kikuu cha kiraia. Kwa desturi ya jeshi la China, kikosi kikubwa huwa na wakuu wawili wa ngazi moja. Mmoja ni kamanda, ambaye kwa upande wa chuo ndiye mkuu wa chuo, naye hushughulika na masomo, tiba na utafiti. Wa pili ni kamisaa wa kisiasa, anayesimamia nidhamu, uteuzi wa watu na utiifu kwa chama tawala. Wote wawili hukaa katika kamati moja ya chama, na mambo makubwa huamuliwa humo. Juu yao, katika miaka hiyo, ilikuwepo Idara Kuu ya Ugavi ya jeshi mjini Beijing. Wizara ya Afya haikuwa na sauti ya kuamuru.

Wanafunzi wake walikuwa askari kabla ya kuwa madaktari. Mwanafunzi wa kijeshi hakulipa karo. Alipewa sare, chakula na posho, naye akaahidi kwenda popote atakapopangiwa baada ya kuhitimu, iwe hospitali ya mjini au kituo cha mpakani penye baridi na hewa nyepesi. Alijifunza anatomia na magonjwa ya ndani kama mwanafunzi mwingine yeyote wa udaktari, lakini alijifunza pia mambo ambayo hospitali tulivu haiyahitaji sana: kuwapanga majeruhi mia moja kwa dakika chache ili ajulikane wa kutibiwa kwanza, kuhamisha hospitali nzima kwa malori, kusafisha maji ya kambi, kuzuia mbu. Jeshi hupoteza askari wengi kwa maradhi, si kwa risasi peke yake. Na hapo msikilizaji wa Afrika Mashariki ana deni dogo la shukrani, maana dawa mseto ya malaria iitwayo ALu, iliyochukua nafasi ya SP nchini Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, asili yake ni utafiti ulioanzishwa na China tarehe 23 Mei mwaka 1967 kwa ajili ya askari wa Vietnam ya Kaskazini waliokuwa wakiangamia kwa malaria misituni. Mchanganyiko wenyewe uliundwa na watafiti wa taasisi ya tiba ya jeshi mjini Beijing, akiwemo Zhou Yiqing.

Chuo cha Guangzhou nacho kilikuwa na majina yake. Profesa Zhong Shizhen, bingwa wa anatomia, aliongoza kazi ya kuukata mwili wa mtu aliyefariki katika maelfu ya vipande vyembamba na kuupiga picha kipande kwa kipande, ili madaktari wauone mwili mzima wa binadamu ndani ya kompyuta. Kazi hiyo ilikamilika mwanzoni mwa mwaka 2003, miezi ileile ya SARS, na China ikawa nchi ya tatu kuwa na picha za namna hiyo baada ya Marekani na Korea Kusini.

Lakini halikukosekana doa. Katika miaka ya 1980 jeshi la China liliruhusiwa kufanya biashara ili kujipatia fedha. Zhao Xinxian, mkuu wa duka la dawa la hospitali ya Nanfang, alianzisha mwaka 1985 kiwanda cha dawa katika mji jirani wa Shenzhen. Dawa yake ya tumbo iliuzwa nchi nzima, na kiwanda kikakua hadi kuwa kampuni kubwa iitwayo Sanjiu, yaani 999. Fedha ziliingia, na pamoja nazo likaingia swali kama jeshi limeacha ulinzi likageuka duka. Mwezi Julai mwaka 1998 Rais Jiang Zemin aliliamuru jeshi liachane na biashara, na Sanjiu ikaondolewa mikononi mwake.

Mwaka 2003 SARS ikafika Beijing, na kasoro ya amri mbili ikaonekana wazi. Hospitali za jeshi mjini humo zilikuwa zimepokea wagonjwa wengi, ila hazikuwajibika kutoa taarifa kwa mamlaka ya afya ya kiraia, na hesabu iliyotangazwa ikawa ndogo mno. Daktari wa upasuaji wa jeshi aliyekuwa amestaafu, Jiang Yanyong, aliandika barua mwezi Aprili akieleza kwamba idadi hiyo si ya kweli. Tarehe 20 Aprili Waziri wa Afya Zhang Wenkang aliondolewa pamoja na meya wa Beijing. Waziri huyo mwenyewe aliwahi kuwa naibu mkuu wa Chuo Kikuu cha Pili cha Tiba cha Jeshi, kwa hiyo ukuta baina ya pande mbili haukuwa mgeni kwake.

Amri ya kijeshi iliyofanya taarifa zifichwe ndiyo hiyohiyo iliyoleta nguvu ambayo raia hawakuwa nayo. Huko Xiaotangshan, kaskazini mwa Beijing, hospitali ya muda ilijengwa kwa siku saba. Wahudumu wapatao 1,200 waliitwa kutoka katika vikosi na vyuo vya jeshi nchini kote, wakiwemo wa Nanfang kutoka Guangzhou, na tarehe 1 Mei wagonjwa wa kwanza wakalazwa. Walitibiwa wagonjwa 680, wakafa wanane, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyeambukizwa. Tarehe 20 Juni ikafungwa. Ni vigumu kufikiria wizara ya kiraia, popote pale, ikiwahamisha watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo bila vikao vya wiki nzima.

Wahudumu wa Guangzhou walirudi nyumbani wakiwa mashujaa. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba mwaka 2003, Jiang Zemin, aliyekuwa bado mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi, alitangaza kwamba jeshi litapunguzwa kwa watu 200,000. Chuo cha Guangzhou kikawa miongoni mwa vitakavyoachwa. Mwezi Agosti mwaka 2004, kwa amri ya Baraza la Serikali na Kamati hiyo, kilikabidhiwa kwa mkoa wa Guangdong pamoja na hospitali zake, kikaitwa Chuo Kikuu cha Tiba cha Kusini.

Makabidhiano ya namna hiyo huandikwa kwa mstari mmoja katika magazeti, lakini kwa waliokuwamo ni jambo zito. Walimu na madaktari waliovaa sare kwa miaka ishirini au thelathini waliivua kwa pamoja. Kamisaa hayupo tena. Badala yake kuna katibu wa chama kama katika vyuo vingine vya China. Fedha zikawa za mkoa, na wahitimu wakawa huru kutafuta kazi wenyewe. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wanafunzi wa kigeni wanaosoma udaktari kwa Kiingereza, jambo lisilofikirika wakati langoni alipokuwa akisimama askari wa zamu.

Jeshi lilibaki na vyuo vitatu, na kwa miaka kumi na mitatu likawa na cha Pili, cha Tatu na cha Nne pasipo cha Kwanza. Mwaka 2017 namba zikaondolewa: cha Shanghai kikawa cha tiba ya jeshi la majini, cha Chongqing cha jeshi la nchi kavu, cha Xi'an cha jeshi la anga. Kazi zao zimevuka mipaka ya China. Wakazi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wameifahamu kwa miaka mingi hospitali ya wanajeshi wa China waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na wakati wa Ebola mwaka 2014 walimu na madaktari wa chuo cha Chongqing walikwenda Liberia. Guangdong nayo hutuma madaktari wa kiraia Guinea ya Ikweta na Ghana, kama mkoa wa Jiangsu unavyowatuma Zanzibar.

Mwezi Januari mwaka 2020, virusi vya korona vilipoenea mjini Wuhan, wahudumu wa hospitali ya Nanfang waliokwenda Xiaotangshan miaka kumi na saba kabla yake waliuandikia uongozi wao barua. Baadhi walikuwa wamekaribia kustaafu na hakuna aliyekuwa na sare tena. Walisema wao ni watu wa Xiaotangshan, na wakiitwa watarudi.

Usiku wa tarehe 24 Januari, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, vyuo vitatu vya jeshi vilituma watu 450 kwa ndege za kijeshi kutoka Shanghai, Chongqing na Xi'an. Usiku huohuo timu ya kwanza ya Guangdong, yenye watu zaidi ya 120, iliondoka Guangzhou kwa ndege ya abiria. Kiongozi wake alikuwa Guo Yabing, daktari wa hospitali ya Nanfang.