Msongo wa mawazo bandarini: kupumzika ni sehemu ya kazi

Kazi ya bandarini haijui usiku wala mchana. Meli ikishafunga gatini, iwe Mombasa au Dar es Salaam, mizigo huteremshwa saa 24. Mfanyakazi hukaa kwenye joto na kelele, karibu na winchi na malori, akijua kosa dogo linaweza kuua. Kibarua ana mzigo wa ziada: hajui kama kesho atapata kazi.

Mwilini hutokea nini?

Ukiwa hatarini, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kasi na misuli hukaza. Hilo ni jema, kwani hukusaidia kuruka pembeni mzigo unapoyumba. Tatizo huanza zamu inapokwisha na mwili ukashindwa kutulia. Unalala vibaya, kisha unaanza zamu mpya na uchovu wa jana.

Kwa hiyo uimara si kuvumilia bila kupumzika. Ni kuweza kurudi kwenye utulivu baada ya kazi nzito.

Dalili za kuangalia

- Uchovu usioisha hata baada ya kulala
- Hasira za haraka kazini au nyumbani
- Kusahau hatua za usalama
- Kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda
- Kuhitaji pombe ili ulale, au miraa ili ukae macho

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchovu uliokithiri wa kazi hutokana na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa. Si uvivu, wala si udhaifu.

Unachoweza kufanya

- Lenga kulala angalau saa 7. Ukitoka zamu ya usiku, ziba mwanga chumbani na uombe familia ikupunguzie kelele.
- Acha kahawa na chai saa 6 hivi kabla ya kulala. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huukatiza baadaye. Miraa na muguka huficha uchovu tu.
- Kunywa maji mara kwa mara na upumzike kivulini.
- Zungumza na mwenzako unayemwamini.

Lakini mfanyakazi hawezi kubeba jambo hili peke yake. Zamu mbili mfululizo, vifaa vibovu na upungufu wa watu ni mambo ya kurekebishwa na mwajiri. Yafikisheni kwa msimamizi au chama cha wafanyakazi mkiwa pamoja.

Tafuta msaada lini?

Ukishuhudia ajali, ndoto mbaya na kushtuka-shtuka ni kawaida siku za mwanzo. Zikizidi mwezi mmoja, au zikikuzuia kufanya kazi, nenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua usiyachukulie kuwa ni msongo tu. Nenda hospitali mara moja. Na ukipata mawazo ya kujiua, usikae peke yako: mwambie mtu leo hii na mwende pamoja hospitali.