Maswali ya Vimbwetani

Mwanafunzi mpya akifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mara nyingi chumba hana, bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, halijaingia, na kumbi za mihadhara za Yombo hajui ziko upande gani. Siku hizo za mwanzo, kabla hajaulizwa anaamini nini, kuna kaka au dada wa mwaka wa pili atakayembeba, yaani atakayemkaribisha walale wawili kwenye kitanda cha mmoja mpaka mambo yakae sawa. Mara nyingi anayembeba walikuwa wote UKWATA, jumuiya ya wanafunzi wa Kikristo, huko sekondari, au mchungaji wa nyumbani amempigia simu kumwombea hifadhi. Hivyo ndivyo wengi wanavyoingia katika jumuiya za Kikristo za chuo. Mtu hupewa kwanza pa kulala, mafundisho yanakuja baadaye.

Jumuiya zenyewe ni nyingi. Wakatoliki wana TMCS, Waadventista Wasabato wana TUCASA, Wapentekoste wana CASFETA. Wanafunzi wa makanisa ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) wana USCF, na TAFES huwakusanya wa kiinjili bila kujali dhehebu. Mgeni anaweza kujua yuko wapi kwa salamu tu. Akisikia "Tumsifu Yesu Kristo" na wenzake wakajibu "Milele na milele, amina", yuko kwa Wakatoliki. "Bwana Yesu asifiwe" humpeleka kwa walokole, ambako kila mtu ni mpendwa, na mwenye kipaji cha kuhubiri ataitwa mtumishi hata kama ana miaka 20 na bado anadaiwa kazi ya semina. Wapo pia wanaohudhuria misa asubuhi na mkesha usiku, nao huwa hawaoni haja ya kumweleza mtu yeyote.

Desturi iliyo na mizizi mirefu kuliko zote ni ushuhuda. Mtu husimama mbele ya wenzake, akasema alivyokuwa, akasema Mungu alivyomtendea, watu wakapiga makofi na mwimbishaji akaanzisha pambio. Desturi hii ilienea kwa nguvu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambako watu waliungama dhambi hadharani na kupatana na majirani zao. Mapema kabisa uamsho huo uligongana na chuo. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kule Mukono, Uganda, wanafunzi zaidi ya 20 walifukuzwa kwa sababu walikataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao ya kuwaambia hata wakubwa watubu. William Nagenda alikuwa mmoja wao, na baadaye akawa mhubiri aliyejulikana mbali na Uganda. Mahali pale pale leo pana Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Walokole wa Mukono hawakuwa watu wa kunyamaza, na jambo hilo linafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba imani ya chuoni ni ya upole tu.

Ushuhuda, hata hivyo, una kasoro moja kubwa: unataka mwisho mwema. Aliyepata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, akazifaulu zote ana la kusimulia. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hasimami, kwa kuwa siku ya ushuhuda keshafunga begi, yuko kwenye basi la kurudi kwao. Kwa hiyo maswali mazito hutafuta mlango mwingine, nao ni mahitaji ya maombi. Kiongozi huuliza, "Nani ana hitaji?" Binti anasema mama yake anaumwa figo na baba amesema fedha zimekwisha. Kijana anasema amekosa mkopo kwa mara ya pili. Hakuna atakayetamka kwamba ana shaka na wema wa Mungu, lakini ukisikiliza vizuri hayo ndiyo yanayosemwa. Wenzao huwashika mikono, huwaombea, kisha kofia huzungushwa. Nimeona kofia hiyo ikirudi na noti za kutosha nauli ya kwenda Mbeya. Kama jibu la swali la mateso, sijui kitabu kinachoishinda.

Zamani Mlimani maswali yaliulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wanafunzi wa USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, walikuwa wakisoma Marx na Fanon, wakitoa jarida la Cheche, na Walter Rodney akifundisha historia hapo hapo. Kwa wengi wao dini ilikuwa mzigo ulioachwa na mkoloni. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, watu wataliona halina maana kwao. Mwezi uliofuata serikali yake ikaipiga marufuku USARF pamoja na Cheche. Kwa hiyo ndani ya wiki chache, mtu yule yule aliuliza swali gumu kuhusu imani na serikali yake ikawafunga midomo vijana waliokuwa wakiuliza mengine. Ningependa jambo hilo lijadiliwe katika jumuiya za leo. Silisikii, labda kwa kuwa siasa imewekwa kando kama jambo lisilofaa kuletwa kwenye ibada.

Mahali ambapo maswali hupumua ni usiku wa maswali na majibu. Desturi ni rahisi: kisanduku cha katoni, vipande vya karatasi, hakuna jina. Mlezi, mwalimu wa chuo au mchungaji aliyealikwa huvuta karatasi moja moja akajibu. Nyingi ni za uchumba, na ukumbi hucheka. Je, mlokole aoane na Mkatoliki? Wazazi wakidai ng'ombe ambao hatuna, tufanyeje? Kisha inatoka moja inayounyamazisha ukumbi: babu yangu alikufa bila kubatizwa, alikuwa mtu mwema kuliko mchungaji wetu, yuko wapi?

Swali hilo halikuletwa na kitabu cha Ulaya. Ni swali la familia nyingi za huku kwetu, ambako kizazi kimoja kilitambika na kinachofuata kikabatizwa. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alilikaribia katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akishikilia kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla mmisionari hajashuka melini. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga vikali: alisema wasomi kama Mbiti wanawavisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili wakubalike kwa Wazungu. Mabishano ya namna hiyo ndiyo yangemfaa mwenye karatasi. Badala yake mara nyingi hupewa aya mbili za Biblia na ushauri wa kumwachia Mungu. Jibu si la uongo. Ni fupi mno kwa mtu aliyemzika babu.

Halafu kuna Garissa. Alfajiri ya Alhamisi, 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Waliokuwa wamekusanyika kwa sala ya asubuhi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Wengi wa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Tangu hapo hakuna kikundi cha sala ya alfajiri kinachoweza kusema kirahisi kwamba waombao hulindwa. Wale walikuwa wakiomba. Katika Biblia, marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipoketi naye kimya. Waliharibu walipoanza kueleza. Nadhani mikesha ya vilio iliyofuata vyuoni iliufuata mwendo wa siku zile saba, na ilikuwa sawa.

Jumuiya hizi basi zinajua kumbeba mwenye msiba. Mwenye shaka bado anazitatiza. Mwanafunzi wa jiolojia akisema hawezi tena kusali, wapendwa humwekea zamu ya kufunga na kumwombea kana kwamba anaumwa. Wachache humfuata jioni kimbwetani, kwenye benchi la zege la kusomea nje, wakakaa naye, wakamwacha aseme mpaka amalize. Hao wachache ndio wanaombakiza, hata kama haji ibadani.

Uongozi hubadilika kila mwaka, kwa uchaguzi wenye kampeni za chinichini ambazo kila mtu hukana kwamba zipo. Ukiingia uongozi usioogopa maswali, usiku wa maswali huwekwa kwenye ratiba mara mbili kwa muhula, na hata wenzao wa MSAUD, jumuiya ya wanafunzi Waislamu, huweza kualikwa. Ukiingia unaoogopa, jioni ile hupewa kwaya.