Kabla ya Kutupa, Kabla ya Kutunza

Baba na mama, vijana wapendwa, angalieni mufereji mbele ya nyumba yenu. Ni nini inaziba maji? Ni masashe. Serikali yetu ilikataza masashe kwa dekreti ya mwezi wa 12, 2017, lakini mvua ikinyesha tunayaona tena, na mbu wanazaliana pale.

Tuanze jikoni. Mama, pika munkoyo: uji wa unga wa mahindi ukipoa kidogo, tia mizizi iliyopondwa, ulaze usiku mmoja. Watoto watakunywa bila kununua chupa. Kahawa ya Kivu ukaange na kutwanga mwenyewe. Makapi yake mwaga kwenye bustani ya lengalenga.

Lakini wewe kijana wa mgodini, sikia: bido iliyobeba asidi usiilete nyumbani. Hata ukiiosha mara saba, sumu inaweza kubaki ndani ya plastiki. Usiweke humo maji wala munkoyo. Itoboe, mtoto asiiokote.

Bwana Yesu aliposhibisha watu 5.000, makombo yalijaza vikapu 12, hakuna kilichopotea (Yoane 6). Basi, kabla ya kutupa kitu, tujiulize: kitasaidia nani? Na kabla ya kutunza: kilibeba nini?