Mganga hajigangi: daktari wa mifugo naye anahitaji wa kumtazama

Mtoto akisema anataka kuwa daktari, nyumba nzima hufurahi. Akifafanua kuwa ni daktari wa mifugo, nyuso hubadilika. "Wa ng'ombe?" huuliza shangazi, na mjomba huongeza kuwa daktari hasa ni wa watu.

Maneno hayo humfuata mtu hadi kazini. Atasoma miaka 5 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, lakini akirudi Pemba watakuwapo wa kumwita "yule wa sindano za ng'ombe". Dharau hiyo ikikutana na uchovu, huumiza afya yake na ya nyumba yake.

KAZI ISIYOONEKANA

Wazazi wa Pemba wanafaidika na kazi hii kuliko wanavyodhani. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, wakichunguza hata vinasaba vya virusi, waligundua minyororo 5 ya maambukizi. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima kila mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ilikuwa imekatika.

Kisha chanjo ikasimama. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani mara mbili, na ugonjwa ukarudi. Ulimalizwa Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa.

Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kwa hiyo mtoto anayetembea asubuhi kwenda madrasa Wete au Micheweni analindwa pia na watu waliowashika mbwa na kuwachanja.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Ikifanikiwa, hakuna kinachotokea, na hakuna anayeshukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Lakini ng'ombe mmoja akifa mikononi mwa daktari, kijiji kizima kinajua kabla ya magharibi.

LAWAMA NA MASIHARA

Kwa familia nyingi ng'ombe ni akiba: ndiye ada ya shule, harusi na matibabu. Ndiyo maana simu hulia usiku wa manane kwamba ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mara nyingi daktari huitwa mwisho, baada ya dawa za kienyeji na za dukani kushindwa. Mnyama akifa, lawama ni zake. Atamtuliza mfugaji anayelia, kisha atapanda pikipiki kwenda banda jingine, bila ya kupata nafasi ya kumaliza huzuni yake mwenyewe.

Lipo pia suala la mbwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, moja kwa maji yenye udongo. Njia ya kujitoharisha ipo na inajulikana. Kinachochosha ni masihara ya barazani: mtu anajitenga naye, mwingine anakataa mkono wake, hata akiwa ameshaoga na kuvaa kanzu safi.

Mizigo ya namna hii si ya kupuuza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliopitia vifo vya madaktari wa mifugo vya kuanzia 1979 hadi 2015, ulionesha kuwa uwezekano wa wanawake wa kazi hiyo kufa kwa kujiua ulikuwa mara 3.5 ya ule wa wanawake wengine. Kwa wanaume ulikuwa mara 2.1. Maisha ya Marekani si ya Pemba, lakini lawama, usiku bila usingizi na kuona wanyama wakifa ni mambo yaleyale.

NYUMBANI WAFANYE NINI?

Kwanza, akirudi, aulizwe habari zake kabla ya habari za mnyama. Akitaka kusimulia, asikilizwe bila ya kuhukumiwa. Akitaka kunyamaza, aachwe apumzike.

Pili, familia isaidie kuweka mpaka wa simu. Mnyama anayeshindwa kuzaa ni dharura. Kupe na minyoo vinaweza kusubiri asubuhi. Na jamaa waelewe kuwa udugu haufuti malipo: dawa hununuliwa, na mafuta ya pikipiki pia.

Tatu, ajikinge. Anayeshika mbwa anahitaji kuchanjwa yeye mwenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa, na gambuti na nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba.

Nne, dalili zitazamwe. Mtu aliyekuwa mcheshi akawa mkali, halali, hali, hafurahii tena alichokipenda, anahitaji msaada. Akitamka kuwa ni afadhali asingekuwapo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kama ambavyo angepelekwa mwenye homa kali.

Muhimu kuliko yote, nyumbani asiwe daktari tu. Kwa watoto wake ni baba au mama. Huenda pia ni mchezaji bao hodari, au fundi wa kupika pweza wa nazi. Anayejihesabu kwa wanyama waliopona peke yake, siku atakayompoteza mmoja atahisi amejipoteza mwenyewe.

Na mzazi ambaye mwanawe anaitaka kazi hii, amweleze ukweli wote: ni kazi ya matope, ya usiku na ya shukurani chache. Kisha amwambie kuwa ni udaktari kamili, na atakaporudi na nguo zenye harufu ya zizi, maji ya kuoga na sahani ya chakula vitakuwa vinamngoja.